Kengele au Bi Johari

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja kazini, hapa Dodoma, alirudi kutoka kwao Nzega na mfuko wa karanga zilizokaangwa kwenye mchanga. Alipoufungua tu, ile harufu ya joto, ya ngozi nyekundu iliyoungua kidogo, ikajaa chumba kizima. Kwenye meza ya pili vijana walikuwa wameinamia simu, wanabishana ni nani mwenye sauti kuliko wote katika waimbaji wa siku hizi. Mmoja alikuwa ameshapandisha hasira kabisa, utafikiri anatetea shamba la baba yake. Nikatia karanga mdomoni, na mimi sikuwa tena Dodoma. Nilikuwa Tabora, uani kwetu mtaa wa Ng'ambo, nimekalia kigoda, ungo uko mapajani, namsikiliza mama yangu akigombana na Bi Zena.

Bi Zena alikuwa jirani yetu. Kati ya uwanja wake na wetu palikuwa na ukuta mfupi wa tofali za tope, ulioliwa na mvua hata ukawa na mgongo kama wa ng'ombe. Yeye alikuwa mtoto wa mji hasa, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walifika na misafara wakapapenda wasiondoke tena. Mama yangu alitoka Igalula, Mkatoliki, binti wa wakulima, na Kiswahili chake kilipopata moto kilikuwa kinachanganyika na Kinyamwezi. Sijui urafiki wao ulianzia wapi. Nilipopata akili niliwakuta tayari wanakaanga karanga pamoja, karai moja, moto mmoja, halafu wanazipeleka stesheni kuwauzia abiria wa treni za Kigoma na Mwanza. Kila asubuhi Mama alisogea ukutani akaita, "Mwangaluka, Zena!" Na Bi Zena, ambaye hakuwa Mnyamwezi hata kidogo, alimjibu kwa lafudhi ya kumchekesha makusudi. Mimi nilimwamkia shikamoo Mama mkubwa, akaniitikia marahaba huku akinitilia karanga kiganjani.

Kwenye kila jambo walielewana, isipokuwa moja. Mama alikuwa mtu wa dansi, na katika dansi alikuwa mtu wa Kengele, mwimbaji ambaye watu walimpa jina hilo kwa sababu sauti yake ilivuma, ikapaa, ikabaki juu kule mpaka ukajishika kifua. Bi Zena alikuwa mtu wa taarabu, na kwake yeye Mungu alikuwa ameumba sauti moja tu, ya Bi Johari, kisha akapumzika. Redio kaseti ilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kanda zilipokezana. Ikimaliza ya huyu inaingia ya yule, na ugomvi unaanza upya.

"Huyo Johari wako," Mama alisema, akikoroga mchanga, "anaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto."

"Ndiyo ustadi wenyewe huo, Vero. Mwenye sauti hana haja ya kuamsha mtaa. Huyo Kengele wako ni bomba lililopasuka. Linamwaga maji mengi, lakini nani ameyakinga?"

"Mayu wane! Bomba? Kengele akivuta ile sauti ya mwisho, dereva wa treni anasahau kuondoka."

"Anasahau kwa sababu ameziba masikio."

Hata wateja walioingia uani waliburuzwa humo humo. Fundi seremala wa mtaa wa pili alikuja kununua karanga akaondoka bila karanga, amenuna, kwa kuthubutu kusema kwamba yeye anapenda wote. Na mimi, ambaye nilikuwa na kazi ya kupepeta tu, niliitwa hakimu kila mara. "Haya, mtoto aseme. Mtoto hajui kupendelea." Nilikuwa nawatazama wote wawili, wenye macho ya kungoja kweli kweli, nikasema wote wanaimba vizuri. Wakaguna kwa pamoja. Hapo ndipo walipoelewana, kwamba mimi sijui muziki.

Lazima niwaambie jambo jingine, maana bila hilo hamtaielewa habari hii. Mama yangu hakujua kuimba. Aliupenda muziki kwa moyo wote, lakini koo lake halikushika tuni hata kwa bahati mbaya. Alijiunga na kwaya ya kanisani, na baada ya majuma machache mwalimu wa kwaya akamwomba kwa adabu kubwa awe anasimamia upangaji wa viti. Alikubali, na viti vya kanisa letu vilipangika vizuri sana. Nyumbani ndiko alikoimbia, na Bi Zena alikuwa anaziba masikio kwa ncha za mtandio.

Asubuhi moja Mama aliita "Mwangaluka" na hakujibiwa. Akaita tena. Akapanda ukutani na khanga yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akashukia upande wa pili, na ndipo nikamsikia akipiga yowe.

Kilikuwa kiharusi. Bi Zena alilazwa hospitali, akarudi nyumbani mkono na mguu wa kulia vimelala, mdomo umevutwa upande. Na maneno yalikuwa yamekwisha. Alipotaka kusema kilitoka kitu kimoja tu: "Tu. Tu. Tu." Alikuwa anakisema huku anakutazama machoni, kama anayekuambia jambo refu lenye maana, kisha anajisikia mwenyewe, na machozi yanamtoka. Mtoto wake mkubwa, Hadija, alikuwa ameolewa Nzega. Akaja na mtoto mchanga mgongoni kumuuguza mama yake.

Watu walikuja wengi kumjulia hali, kama ilivyo kwetu. Waliingia kwa kunyata, wakaketi kwenye mkeka, wakazungumza kwa sauti za chini. Walimuuliza Hadija, "Amekula? Amelala vizuri? Anatusikia?" naye mwenyewe yuko pale pale, macho wazi. Wengine walimwinamia wakamwambia "Poleee" kwa ile sauti tunayowatolea watoto wachanga. Mimi niliona ndiyo heshima inavyotakiwa.

Mama naye mwanzoni alikaa hivyo hivyo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akausugua ule mguu uliolala kwa mafuta ya nazi, kimya. Mama yangu kimya! Halafu siku moja, bila kuinua uso kutoka kwenye mguu, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya uani:

"Zena, juzi redioni watu walikuwa wanapiga simu wachague mwimbaji bora. Kengele amewashinda wote. Johari hata hakutajwa."

Nilikuwa mlangoni. Redio yetu haikuwa na betri tangu Bi Zena augue. Nilijua kwamba anasema uongo, na nilimwona Bi Zena akigeuza kichwa polepole, na macho yake, ambayo kwa siku zote zile yalikuwa kama ya mtu aliye mbali, yakawaka. Mkono wa kushoto ukapiga godoro. "Tu! Tu! Tu!"

"Hata ukikataa. Wananchi wameamua."

"Tu!"

Kuanzia hapo kila siku alikwenda na jipya. Mara Johari ameacha kuimba anauza maandazi. Mara Johari ameomba kufundishwa na Kengele. Bi Zena alikuwa akitweta, akipiga godoro, akikunja uso, akijaribu kusukuma nje maneno yasiyotoka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa na umri wa kujua aibu lakini si wa kujua sababu ya mambo, na nilichokiona ni mama yangu anamchokoza mgonjwa asiyeweza kujitetea. Nikaacha kumfuata. Nilikaa uani nikamkasirikia kimoyomoyo.

Hadija naye hakuvumilia. Alimsindikiza Mama mpaka mlangoni, mikono ameikunja kifuani, na mimi nikawasikia juu ya ukuta.

"Mama mdogo, nakuheshimu, umenilea. Lakini nakuomba usije kwa sasa. Mama anaumwa. Ukimpandisha hasira hivi presha itamuua."

Mama alimtazama kidogo. "Sawa, mwanangu," akasema. Hakubisha. Akarudi nyumbani, hata ukuta hakuusogelea.

Siku zilizofuata alikaanga peke yake, na karanga ziliungua. Alikuwa anasimama na mwiko mkononi anatazama ule ukuta, moshi unapanda. Abiria stesheni walionja wakazirudisha. Kutoka upande wa pili tulimsikia Hadija akibembeleza, "Mama, kula kidogo. Mama, fungua mdomo." Halafu sahani inawekwa chini. Nilimsikia akimwambia jirani mmoja kwamba mama yake sasa anageukia ukutani tu, hataki uji, hataki kutazamwa.

Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya mabati, Mama alikung'uta vumbi kwenye khanga yake, akasogeza kigoda mpaka ukutani, akaketi. "Nimekatazwa kuingia kwa watu," akaniambia. "Sijakatazwa kuimba kwangu." Akafungua kinywa akaimba. Si wimbo wa Kengele. Aliimba wimbo wa Bi Johari, ule ambao Bi Zena aliupenda kuliko yote. Kwa wasioujua, ni wa mwanamke aliyemwandalia mtu wake kila kitu, naye hakukithamini: *Mkeka nimetandika, mgeni hakukalia. Chai imeshachemka, kikombe kakikimbia.* Ndivyo unavyokwenda. Lakini Mama aliuimba kwa sauti yake ile ya kupanga viti, juu pakawa chini, na akaufikisha hivi:

"Mkeka nimetandika, mgeni akauiba!"

Nilificha uso. Akarudia kwa nguvu zaidi, mgeni akauiba, mgeni akauiba, mpaka kuku wa jirani wakaondoka. Nikasema, "Mama, basi." Hakunisikia. Alikuwa amefumba macho, ameegemeza kichwa kwenye tofali, na sasa ninapomkumbuka naona jasho lililokuwa limemtoka juu ya mdomo.

Kisha upande wa pili, kupitia dirisha la chumba cha mgonjwa, sauti ikatoka. Ilikuwa nyembamba, imekwaruza, inachechemea. Lakini ilikuwa kwenye tuni yake.

"...ha-ku-ka-li-a."

Mama alifumbua macho. Akavuta pumzi, akaendelea na mstari wa pili: "Chai imeshachemka, kikombe kakivunjia!"

"Ka-ki-ki-mbi-a!" Safari hii na hasira, kila silabi imetoka nzima, kama mtu anayemsahihisha mtoto mjinga darasani.

Hadija alitokea ukutani mikono imejaa unga, mdomo wazi. "Mama mdogo," akasema. "Mama mdogo, njoo. Mama anaimba." Na Mama akaupanda ule ukuta tena, mara ya pili maishani mwake kwa ninavyojua, akaondoka na tofali moja.

Miaka mingi baadaye, nikimuuguza mtu wangu mwingine, mhudumu mmoja wa hospitali aliniambia wapo wagonjwa wa kiharusi ambao maneno huwakataa lakini wimbo huwakubali, na kwamba siku hizi huwafundisha kusema kwa njia hiyo. Nilipomsimulia Mama kwenye simu, alishangaa. Yeye hakujua habari hizo. "Mimi nilijua tu," akasema, "kwamba Zena hawezi kumwacha mtu aharibu wimbo wa Johari. Angekuwa kaburini angetoka."

Bi Zena hakupona kabisa. Mguu ulibaki mzito mpaka mwisho wake. Lakini alianza kuomba maji kwa tuni ya Bi Johari, na mto, na dirisha lifunguliwe, na mimi niliyemletea maji nilimwitikia kwa kuimba vilevile, tukacheka. Polepole maneno yakaanza kutoka bila kubebwa na wimbo, moja moja. Mama alikwenda kila siku na matusi yake mapya juu ya Bi Johari, na Hadija hakumzuia tena. Alikuwa anakaa pembeni ananyonyesha, anatabasamu.

Nimefikiria sana zile sauti za chini za wageni kwenye mkeka. Walikuwa watu wema, na waliyoyasema yalikuwa mema. Lakini wote walikuwa wameshamwondoa Bi Zena kwenye mazungumzo. Walimzungumzia, hawakuzungumza naye. Ni Mama peke yake aliyekataa kumhurumia kiasi cha kuacha kumbishia. Alimbishia kama zamani, kwa sababu kwake yeye Zena alikuwa bado ni Zena, mwenye masikio yake, mwenye mtu wake wa kumtetea. Nilikuwa nikiona ukatili, kumbe ndiye peke yake pale chumbani aliyekuwa na subira ya kungoja jibu.

Jibu lenyewe lilifika mwishoni mwa masika. Tulikuwa chumbani, mvua imekatika, Mama anamsugua mguu huku akieleza jinsi Kengele alivyopewa sauti na malaika. Bi Zena akainua mkono wa kushoto kumnyamazisha. Akakunja paji la uso, akakusanya midomo, tukasubiri. Kisha, bila kuimba, neno moja likifuatwa na jingine, akasema:

"Kengele... wako... analia... kama... mbuzi."

Mama aliweka chupa ya mafuta chini, akainuka, akatoka nje bila kuaga. Nilimfuata mbio. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amejibana kwenye kona, khanga ameijaza mdomoni, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Sikuwahi kumwona akilia hivyo. Nilimwonea huruma sana, maana nilijua jinsi alivyompenda mwimbaji wake, na tusi lile lilikuwa kubwa. Nikamshika mkono.

"Usilie, Mama," nikamwambia. "Kengele anaimba vizuri."