Mwalimu Filimbi chini ya sifuri

Wanafunzi walimwita Filimbi kwa sababu filimbi haikutoka shingoni mwake hata alipokuwa akisahihisha madaftari. Alikuwa mwalimu wa michezo, na huko uwanjani hakuwa na mpinzani: angekutazama unavyofunga kamba za viatu, akajua kama utamaliza mbio au utaishia kushika kiuno. Basi mwalimu wa hisabati alipohamishwa katikati ya muhula, mkuu wa shule alipitisha macho chumba kizima cha walimu, akaona ni Filimbi peke yake mwenye nafasi. Hivyo ndivyo hisabati ilivyompata. Yeye hakuitafuta, na naapa nayo haikumtafuta.

Mada za mwanzo alizivuka salama. Zikaja namba hasi. Tangu utotoni hakuwahi kuelewa kitu kinawezaje kuwa pungufu ya sifuri, na siku alipothubutu kuuliza, mwalimu wake alimwambia anyamaze akariri. Akakariri. Sasa alisimama mbele ya watoto arobaini na wawili, akawapa kilekile alichopewa: "Hasi mbili zikikutana, chanya!" Akaipigia na filimbi. Darasa likaitikia kwa sauti moja mpaka vioo vikatetemeka, naye akatoka kifua mbele kama aliyenyakua kombe.

Kwenye dawati la mbele alikaa binti yake. Nyumbani alimwita Baba, shuleni alimwita Mwalimu, na hakuwahi kuchanganya. Siku hiyo alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na tukizijumlisha? Bado ni chanya?"

Filimbi akaugeukia ubao, akaanza kuufuta. "Kariri kwanza," akamjibu.

Jumatatu akawapa jaribio. Swali la kwanza lilikuwa hasi tatu kujumlisha hasi nne, na watoto thelathini na tisa waliandika saba. Filimbi akaanza kuwapa vema, kisha akachungulia majibu nyuma ya kitabu: hasi saba. Akakuna kichwa. Hasi mbili zimekutana, si ndiyo? Akakifunga kitabu, akakifungua tena, labda jibu lingebadilika likipata hewa. Halikubadilika. Kati ya watatu waliopata, mmoja alikuwa binti yake, na pembeni ya jibu aliandika kwa penseli: *sina hakika*.

Kesho yake mkuu wa shule akamwita ofisini.

"Mwalimu, binti yako ameniandikia barua. Anaomba kuhamia mkondo wa pili, kwa mwalimu mwingine wa hisabati."

"Kisa?"

"Anasema hisabati haielewi, na akiuliza anaambiwa akariri." Mkuu alivua miwani. "Ijumaa nitakuja niketi darasani kwako. Baada ya hapo tutaamua."

Barua ilikuwa mezani. Aliutambua mwandiko, maana yeye ndiye aliyemshika mkono binti huyo akamfundisha herufi. Aliona aibu, aibu hasa, ile ya kutamani ardhi ipasuke. Nyumbani hakusema neno, na binti naye akala kimya. Mke wake, fundi cherehani, akawatazama mmoja mmoja. "Nyie wawili mmelishwa nini leo?"

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Filimbi aliona mchoro mdogo pembeni mwa ukurasa wa kitabu cha hisabati: mtu akitembea juu ya mstari wa namba. Aliusoma mara sita. Kichwani haukuingia, ila miguu yake ilianza kuchezacheza chini ya meza.

Ijumaa akalitoa darasa lote uwanjani, mkuu wa shule akifuata na kiti chake. Alikuwa amechora mstari mrefu wa chokaa, sifuri katikati, chanya kuelekea madarasani, hasi kuelekea vyooni. Watoto wakaangua kicheko.

"Chekeni, lakini sikilizeni," akasema. "Unasimama kwenye namba ya kwanza. Namba ya pili ikiwa chanya, tazama madarasani. Ikiwa hasi, tazama vyooni. Kujumlisha, nenda mbele. Kutoa, rudi kinyumenyume."

Akasimama kwenye hasi tatu. Kujumlisha hasi nne: akatazama vyooni, akaenda mbele hatua nne.

"Saba!" darasa likapaza sauti kwa mazoea.

Filimbi akatazama chini ya viatu vyake. Hasi saba. Akarudi, akatembea upya, polepole. Hasi saba tena.

"Mimi ndiye niliyewafundisha vibaya," akasema mwisho. "Ile kauli ni ya kuzidisha. Na hata huko kwenye kuzidisha, kwa nini iwe hivyo, sijui."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa shule aliinua macho.

Filimbi akapiga moyo konde, akataja swali jingine: tatu kutoa hasi mbili. Akasimama kwenye tatu, uso madarasani, akaanza kurudi kinyumenyume. Mbili. Moja.

"Baba, siyo!" Binti yake alikuwa ameshasimama. "Ni hasi! Baba, nyuma geuka!"

Filimbi, aliyewageuza watoto wa watu miaka kumi na saba kwa amri hiyohiyo, akarudi kwenye tatu na kugeuka kwa kisigino. Akiwa anatazama vyooni, akarudi kinyumenyume hatua mbili. Akaishia kwenye tano.

"Tano?" akaiuliza chokaa. "Natoa, halafu inaongezeka?"

Binti aliziba mdomo, maana ndipo alipong'amua alichomwita mbele ya darasa zima. Mkuu wa shule alikuja kando yake, barua mkononi.

"Haya, mwanangu. Unahama?"

Binti alimtazama baba yake. Bado alikuwa kwenye tano, uso kuelekea vyooni, akihesabu upya kwa vidole huku midomo ikimchezacheza.

"Nikihama, nani atamwambia ageuke?"

Mkuu wa shule akamrudishia barua yake. Filimbi alikuwa amesikia. Akaitia filimbi mdomoni aite swali linalofuata, akakosa pumzi ya kuipuliza.