Mbeya Karibu Kuliko Muze

Nikiwa mtoto niliwahi kufunga safari ya Mbeya kwa miguu, mimi ambaye siku hizi kutoka Katandala hadi sokoni Mazwi, hapa hapa mjini, naona ni uhamisho. Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu kwamba ndege kutoka Sumbawanga hadi Mbeya haimalizi hata saa moja, nikaisikia tena ile harufu ya petroli kwenye majani ya uwanja wa ndege, siku ile ya mama.

Mama alipandishwa ndege ndogo akiwa amejikunja, ameshika tumbo. Baba, aliyekuwa akiwahi shamba la ujamaa, aliniambia, "Usilie. Saa moja tu, ameshafika hospitali."

Nikapiga hesabu. Kwenda Muze kwa bibi tulitembea kutwa nzima. Basi Mbeya, ya saa moja, ilikuwa karibu zaidi. Kwamba ndege ina mwendo wake na miguu ina wake, hilo sikulifikiria.

Nikajifunga kanga ya mama, nikafuata upande ilikopotelea ndege. Upepo ulivuma masikioni, nyumba zikaisha, jua likashuka, na nyuma ya kila kilima kulikuwa na kilima kingine. Nikaanza kuamini Mbeya nayo imehamishwa, kama vijiji vyetu.

Jirani yetu, mama Sikitu, alinikuta akirudi na mzigo wa kuni. Nilimwamkia, nikamwambia namfuata mama, si mbali. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mama yako kaenda kutafuta uzima," alisema, "na wewe unamfuata umpelekee msiba? Geuka. Huko mbele kuna fisi, hakuna Mbeya."