Siku Mabesi Yalipopigwa Bila Maiti

Kwa mtu aliyekulia Ifakara miaka ile ya hamsini, matarumbeta yalikuwa ya aina mbili. Madogo yalikuwa ya harusi, ya Pasaka, ya kumpokea askofu. Yalikwenda na ngoma, na watoto waliyakimbilia vumbini. Makubwa, ambayo sisi tuliyaita mabesi, yalifuata nyuma yakiguna. Lakini ilikuwapo siku ambayo mabesi yaliachwa peke yake, nayo ni siku ya kuzika. Hapo ngoma zilinyamaza, matarumbeta madogo yakashushwa, na mabesi yakatangulia mbele ya jeneza, polepole, toka kanisani mpaka makaburini. Bonde letu ni tambarare, na sauti ile ilikwenda mbali juu ya mashamba ya mpunga. Aliyeisikia akiwa shambani aliacha jembe, akavua kofia, akauliza ni nani. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo, tulikua nayo tu.

Naeleza haya mapema kwa sababu sista aliyetufundisha muziki hakuyajua. Alikuwa mgeni, bendi ya kuzikia ilikuwa ya parokia, na yeye muda wake wote ulikuwa darasani. Wenyeji nao walidhani anajua. Sista alijua Kilatini, alijua dawa ya minyoo, alijua nani kaiba maembe bwenini. Nani angefikiri kwamba jambo linalojulikana na kila mchunga mbuzi yeye halijui?

Alikuja na fidla toka kwao Ulaya, akachagua wasichana wachache, na mimi nikawamo. Sitajifanya kwamba nilikuwa na kipaji. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na vidole virefu na sikuwa mropokaji. Lakini nilipoiweka ile fidla begani na kuvuta upinde mara ya kwanza, ikatoa mlio mbaya sana, nikaipenda pale pale. Niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kushika mkononi. Mpaka leo vidole vyangu vya kushoto hujikunja vyenyewe nikisikia wimbo mzuri redioni, na wajukuu hunicheka.

Mwaka huo nilikuwa namaliza darasa la nane. Sista alitaka niingie kozi ya ualimu. Baba alitaka nirudi nyumbani, na watu wa upande wa Mahenge walikuwa wameshabisha hodi kwake kwa ajili ya kijana wao. Sasa hapa naomba nisikilizwe vizuri, maana vitabu vya siku hizi vikiandika habari za baba wa zamani na binti wa shule, baba lazima awe simba. Baba yangu hakuwa simba. Alikuwa mkulima wa mpunga ng'ambo ya mto, njia ya kwenda Malinyi; mkewe alikuwa amekufa, na mtoto aliyebaki ni mimi. Alizoea kuniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Likizo iliyotangulia aliniambia tukiwa shambani tunaamia ndege, "Mama, ukishakuwa mwalimu watakupeleka Masagati huko, nyuma ya Mlimba. Nitakuona lini? Huyo kijana kwao ni hapo tu. Mimi sitaki kukukosa."

Nikatupa donge la udongo kwa ndege.

Sista alipojua, akasema, "Baba yako aje akusikie kwenye onyesho, halafu nizungumze naye." Onyesho lilikuwa la Jumapili alasiri, baada ya mavuno, katika bwalo la chuo cha ualimu cha wavulana. Sisi tungepiga fidla, wanachuo wangepiga mabesi waliyofundishwa na bruda wao, na mwisho tungepiga wimbo mmoja pamoja. Basi Sista akamwita muuza samaki mmoja, ambaye kila wiki alivuka mto na baiskeli yake na kupita kijijini kwetu, akampa ujumbe. Kiswahili cha Sista kilikuwa sahihi na kifupi. Alisema, "Mwambie baba yake aje Jumapili, asikose."

Kwetu mtu haitwi hivyo kwa heri. Kifo hakitangazwi kwa mtu akiwa mbali peke yake, asije akaanguka njiani. Anaambiwa njoo, usikose, na mengine atayakuta mlangoni. Muuza samaki aliufikisha ujumbe kama ulivyo. Baba akamuuliza, "Mtoto ni mzima?" Yule bwana hakuwa ameniona, na alikuwa mtu wa kweli, akajibu, "Mimi nimeambiwa hayo tu." Hivyo hasa ndivyo anavyojibu mtu aliyetumwa kuleta msiba. Tena wakati wa Kwaresima nilikuwa nimelazwa na malaria, na baba alizipata habari hizo kwa muuza samaki huyo huyo.

Haya yote alinisimulia shangazi, dada yake baba, ambaye aliondoka naye alfajiri ya Jumapili ile. Walipokuwa katikati ya mto, kwenye pantoni, baba alisema, "Labda ni mgonjwa tu." Shangazi akaitikia, "Labda." Kichwani alikuwa na mzigo aliokwisha kuufunga kwa kazi nyingine, si ya kumwona mgonjwa.

Mimi huko bwaloni sikujua lolote. Niliutazama mlango nikiwa na hasira kwamba baba hakuja. Niliona kwamba amenidharau, na nilijua onyesho likiisha bila yeye, Sista hana pengine pa kumkamata. Mwisho wa muhula ningefunga sanduku langu. Bwalo lilijaa. Wakulima walikuja na mashati yao ya kanisani, akina mama na watoto mgongoni, hata wenye maduka walifunga wakaja. Tukapanda jukwaani tukapiga nyimbo zetu. Mama mmoja wa mbele aliuliza kwa sauti, "Mbona wanavipasua kama mbao?" Watu wakacheka, nasi tukaendelea kupasua. Walipiga makofi ya adabu. Hawakuelewa, na siwalaumu.

Kisha wakaingia wanachuo na mabesi yao. Wengi walitoka majimbo mengine, na wimbo wao hatukuwahi kuusikia, kwa sababu walijifunzia chuoni kwao. Sisi tulikaa pembeni ya jukwaa, fidla mapajani. Sista alikuwa ametueleza darasani kwamba sauti za chini hazisikilizwi na mtu, kila mara zinafunikwa, na siku hiyo alitaka zisikike peke yake. Lilikuwa wazo zuri, na mpaka leo naliona ni zuri. Bruda akainua mkono, na mabesi yakaanza, bila ngoma, bila matarumbeta madogo, polepole.

Bwalo zima likasimama.

Wanaume walivua kofia. Akina mama walishusha khanga vichwani wakazifunga kiunoni. Hakuna aliyewaamuru, miguu yao ilisimama yenyewe. Mimi mwenyewe nilijikuta nimesimama, na mwenzangu kando yangu alikuwa anafanya ishara ya msalaba. Nikamwona Sista. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya furaha, maana kwao watu wakiusimamia muziki hivyo ni heshima kubwa kupita zote. Alimtazama bruda na kutikisa kichwa, kama anayesema, unaona?

Ndipo tukasikia yowe nje.

Baba na shangazi walikuwa wameingia mjini, wanakatiza mashamba yaliyovunwa nyuma ya chuo, sauti ilipowafikia. Shangazi alisema baba alisimama mara moja tu. Alivua kofia, akaiangusha, wala hakuiokota. Kisha alikimbia, mtu mzima, mguu wake mmoja mbovu. Yowe lilikuwa la shangazi nyuma yake, "Mwanetu weee! Wanamzika bila sisi!"

Aliingia kwa mlango mkubwa. Watu walipomwona anavyokuja walimpisha, kama apishwavyo mfiwa, wakafungua njia mpaka mbele. Mabesi yalikatika moja moja. Baba aliangaza macho sakafuni mbele ya jukwaa, akitafuta jeneza. Hakuliona. Akauliza, bila kumwelekea mtu, "Wamemweka wapi?"

Nilishuka. Fidla ikiwa kwapani, nikasema, "Baba, shikamoo."

Hakuitikia marahaba. Aliuweka mkono wake kwenye paji la uso wangu kama anayepima homa, kisha shingoni, kisha akanishika mikono yote miwili.

"Mama. Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Hujafa."

"Sijafa. Hakuna aliyekufa. Ni muziki."

"Muziki," alisema. Akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona baba akilia. Tulipomzika mama alishika koleo akafukia mwenyewe, akawa kama mtu aliye kazini. Sasa alilia mbele ya wenye maduka na walimu na watoto, na mimi niliona aibu, kisha aibu ikaondoka, ikabaki furaha. Ndiyo, nilifurahi. Sikuwa najua kwamba kuna mtu duniani ananipenda kiasi hicho.

Shangazi alifika akihema, akaniona, akanipiga kofi la bega na kunikumbatia kwa pamoja. Halafu akamgeukia Sista. "Wewe Sista! Unapiga mabesi pasipo na maiti? Ulikuwa unamwita nani?"

Katekista mmoja mzee akamsogelea Sista, akamweleza kwa maneno machache. Niliona uso wake ukibadilika. Aliwatazama watu wote wale waliosimama na kofia mikononi, akaelewa walisimamia nini. Nilimhurumia. Alishuka jukwaani, akachuchumaa mbele ya baba, kanzu yake nyeupe vumbini.

"Nisamehe, baba."

Baba alijifuta uso kwa kiganja. "Uliniitia nini?"

"Nilitaka umsikie akipiga. Na nilitaka kukuomba umwache asome ualimu."

Niliishika shingo ya fidla yangu kwa nguvu mpaka nyuzi zikaniuma.

"Jibu nilikuwa nalo toka siku nyingi," baba alisema. "Nilikuwa nakataa. Nilisema akiwa mwalimu nitamkosa. Leo toka pantoni mpaka hapa nimemkosa, Sista. Nimejua kukosa kulivyo. Hiyo habari ya ualimu si kumkosa. Abaki asome."

Baba akainuka, akawaangalia wale wanachuo waliokuwa wamekumbatia mabesi yao kama watu waliofumaniwa. "Sasa pigeni tena, nikiwa nimekaa. Nataka kukisikia vizuri kitu kilichotaka kunitoa roho."

Wakapiga tena. Safari hii watu walikaa, ingawa wanaume wengi waliacha kofia magotini, isije ikawa kuna maiti kweli. Ulikuwa wimbo mzuri. Haukuwa hata wa huzuni. Kisha tukapiga ule wa pamoja, fidla juu na mabesi chini, na nilikosea mahali pengi. Baba alikaa benchi la mbele na hakuniondolea macho.

Baadaye nikamuuliza, "Baba, fidla umeionaje?"

"Sikuisikia," alisema. "Nilikuwa natazama unavyopumua."

Walipojiandaa kuondoka, ili wawahi pantoni, shangazi aliufungua mzigo wake barazani. Mlikuwa na mchele na kuku wawili wa kupikia wafiwa. Vile alituachia. Chini yake mlikuwa na bafta nyeupe, mpya, imekunjwa. Niliielewa nilipoiona, hakuna aliyehitaji kunieleza. Shangazi akataka kuirudisha haraka, lakini baba alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Mpe mtoto. Akashone gauni la chuo."

"Hii?" shangazi akasema. "Hii imenunuliwa kwa shughuli nyingine. Mtu hai havai."

"Atavaa," baba akasema. "Ilinunuliwa kwa ajili yake."

Akanipa, akanisubiri nisalimu tena, na safari hii akaitikia, "Marahaba, mama." Wakaondoka. Njiani alipita shambani kuitafuta kofia yake.

Nilianza kozi ya ualimu na gauni la bafta, lililoshonwa vizuri, na kola. Shangazi kila akija alizungumza nami akitazama pembeni, mpaka lilipochakaa. Wenzangu walilipenda, wakaniuliza kitambaa nimekipata duka gani. Niliwaambia alininunulia baba, basi.