Mjukuu wangu anaamini ameniponya bega

Admin, jina langu lifiche, na wewe jirani ukinitambua kwa mdomo wangu, nyamaza. Mimi ni shosho, bibi wa mtaa wa Jericho, nimepita miaka sabini, na darasa sikuliona hata kwa dirisha. Mimi nasema, rafiki yangu anaandika kwa simu.

Nimelea mjukuu wangu tangu mamake afariki. Anasomea fiziotherapi, ile kazi ya kunyoosha watu viungo. Nilidhani ni kukanda tu na mafuta. Kumbe masomo hayo yanakula mtoto! Mwaka huu walipelekwa hospitali kujifunza kwa wagonjwa, akaanza kurudi hasemi, hali. Wenzake wanatafuna miraa wasilale wasome. Wangu anasugua sufuria zilizo safi mpaka naogopa zitatoboka. Siku moja nikampokonya sufuria, akaangua kilio.

"Shosho, mgonjwa amenifukuza mbele ya watu. Ati nimwitie mtu anayejua kazi. Mikono yangu haijui kitu. Naacha."

"Acha ujinga," nikamwambia. "Bega langu si lilikufa zamani? Hebu lishike tuone."

Akalishika. Haki ya Mungu, niliona nyota. Akauliza, "Umesikia nafuu?" Nikamwangalia yale macho, nikasema, "Nafuu kubwa! Leta jiwe nirushe." Akacheka. Akala ugali, akaongeza.

Basi nikawa namdanganya kila jioni. Kabla hajafika nameza dawa za maumivu za dukani, nauma meno, nainua mkono. Akishaenda chuo asubuhi, siwezi hata kuvaa. Huyu rafiki yangu ndiye ananiingiza mkono kwenye nguo kama mtoto mchanga. Mimi, niliyebeba magunia ya sukuma wiki sokoni! Aibu nayo inaniuma kuliko bega.

Sasa amemwambia mwalimu wake. Ijumaa napelekwa darasani, wote waone shosho aliyepona. Mtoto anatembea kichwa juu. "Shosho, ni wewe umefanya nisiache."

Hilo ningelimaliza kwa vidonge viwili na kicheko. Lakini jana akaniambia kuna mama mgonjwa kule hospitali, bega lake kama langu. Alimvuta mkono vile ananivuta mimi, mama akalia. Naye akamwambia, "Vumilia, mama. Shosho yangu alipona hivi hivi."

Nikaweka kikombe cha chai chini. Mama wa watu analia kwa sababu yangu, na msichana wangu anafikiri anamtibu. Kesho atamshika tena. Kumwambia ni lazima, hilo najua. Lakini nikimwambia kwamba hata mimi, bibi yake, nilikuwa namdanganya, ataamini nini tena juu ya mikono yake? Si atatupa vitabu siku hiyo hiyo?

Nishaurini, wanangu. Nianze na neno gani? Matusi yenu nileteeni mimi, nayastahili. Mtoto msimguse.