Kishikwambi Kilisema Niko Poa

Leo nimeumbuka mbele ya darasa langu mwenyewe.

Nawafundisha wauguzi wa afya ya akili hapa Sumbawanga kutumia kishikwambi kumpima mtu sonona.

Nikajitolea kuwa mgonjwa wa mazoezi.

Usingizi? Mzuri.
Hamu ya kula? Ipo.

Kikatoa rangi ya kijani: hana tatizo.

Nikatamba. “Mnaona? Dakika tatu tu!”

Mama Oliva, muuguzi mkongwe na jirani yetu kule Izia, akakilaza kishikwambi kifudifudi mezani.

“Mwanangu, mwaka huu umepanda ulezi?”

Jamani.

Kila mwaka nililima na baba. Tulimzika mwezi wa tisa, na shambani sijakanyaga tena.

“Sijapanda, mama.” Wanafunzi wangu wote wananitazama.

Akakigeuza kishikwambi, akanisogezea kiti.

“Haya, tuanze upya. Safari hii usinijibu kama mwalimu.”

Maswali yaleyale. Kikatoa nyekundu.

Kwa hiyo msije mkasema kifaa kibovu. Kiko sawa kabisa, na kesho nafundisha kama kawaida. Mwongo nilikuwa mimi.

Na wewe unayejibu “poa” kila ukisalimiwa, nakuona.