Mposaji Asiyeng'ata Kashata

Tulikuwa wanne sebuleni kwangu, hapa ugenini, mtaa wa Bertrams: mimi, mjukuu wangu wa kike niliyemlea, mdogo wangu wa kiume, aliyesimama badala ya baba wa binti, na bwana aliyekuja kuposa. Majina yao ninayo yote, ila hapa siyaandiki.

Bwana huyo, Mtanga mwenzetu, alisema alicheza mpira wa magongo juu ya barafu huko Ulaya, tena alikuwa nyota. Sasa kastaafu, anafundisha watoto hapa mjini. Nyota wa barafu, mtu wa Tanga?

Nikamsogezea kashata nilizopika mwenyewe. Akashika moja, akaigeuzageuza, akairudisha sahanini. Basi nikajua huyu anaogopa nimemtilia dawa, na mwenye kuogopa dawa ndiye mwenye kuzijua.

"Baba, kashata zangu zina nini?"

"Hazina kitu, bibi. Ni ngumu."

Mdogo wangu akamcheka. "Dume zima linaogopa karanga?"

"Eish, waonyeshe tu," mjukuu wangu akamwambia.

Bwana akageuka upande, kisha akatugeukia na meno manne ya bandia kiganjani. Yake ya mbele, alisema, yalibaki kwenye barafu siku ya fainali, na goli akalifunga vilevile.

Meno, hata ya mlevi hung'oka. Lakini nilipomtwangia kashata ile kwenye kinu, aliila yote kwa kijiko bila kusita. Posa nikaipokea. Goli bado nina shaka nalo.

Na kama nimehesabu vibaya, meno yalikuwa matano, mnaojua mnisahihishe.