Tak Moja, Saa ya Kufuturu

Pikipiki kuukuu inapokataa kuwaka husema kwa nini, mradi uisikilize. Ukibonyeza kitufe cha stata usisikie chochote, umeme haufiki. Tazama fyuzi, tazama swichi ya klachi, na tazama kama umewasha ufunguo, maana hilo nalo hutokea na si aibu. Ukisikia tatatata kama meno ya mtu mwenye homa, betri imechoka. Lakini ukisikia tak moja, kisha kimya, na taa ya mbele inaendelea kung'ara bila kufifia, betri haina kosa. Ubaya uko mbele zaidi, kwenye mota ya stata au njia ya kuifikia.

Ramadhani ile nilikuwa nikiisikia tak moja. Haikuwa kila siku. Asubuhi moja inawaka vizuri, asubuhi ya pili tak, nabonyeza tena, inawaka. Nilikuwa nabonyeza kitufe huku nimefumba macho.

Tulikuwa tukiishi Kizimbani, nyumba ya kupanga pembeni mwa mashamba ya mikarafuu. Mimi nasomesha skuli, na mume wangu alikuwa akifanya kazi hoteli ya pwani ya mashariki, anakuja siku zake za mapumziko. Pikipiki aliniachia mimi, na sababu ilikuwa moja: binti yetu, mwenye umri wa miaka saba, ana pumu. Kituo cha afya kilikuwa karibu, lakini mashine ya kuvuta dawa kwa mvuke hakikuwa nayo. Kifua kikimbana sana ni kwenda mjini. Kwa hiyo pikipiki isipowaka, mtoto hafiki. Nilikuwa nalala na wazo hilo na kuamka nalo.

Kilichoiharibu nilikuja kukijua baadaye, fundi mmoja wa mjini, Ng'ambo, alipoifungua ile mota, lakini nitakisema hapa ili ufuate vizuri. Mwisho wa Shaaban tulikwenda pwani kula vunjajungu, kama watu wote wanavyoiaga michana ya kula kabla ya kufunga. Tuliegesha mchangani chini ya mivinje, tukatandika mkeka, tukasahau. Maji yakajaa. Tulipoikumbuka pikipiki, bahari ilikuwa ishafika tumboni mwa injini, na mota ya stata ya pikipiki ile imekaa huko huko chini, kwa mbele. Niliosha kwa maji baridi, nikafuta, nikaona yamekwisha. Chumvi ilikuwa imeshaingia. Ndani ya mota mna vipande viwili vya kaboni vinavyosugua na kupitisha umeme. Kutu ikivibana visiteleze, umeme unafika mlangoni na hauingii.

Siku yenyewe, mtu mmoja alichoma majani makavu bondeni. Moshi ulikuwa mdogo tu. Alasiri binti yangu akaanza kukohoa, nikampa pampu yake ya bluu ya kuvuta dawa kama tulivyofundishwa, nikangoja, nikampa tena. Kwa mzazi mwenye mtoto kama huyu, usisikilize mlio wa kifua peke yake. Tazama kitundu cha chini ya koo kama kinazama anapovuta hewa, tazama mbavu, na mzungumzishe. Akishindwa kumaliza maneno kwa pumzi moja, usingoje dawa ifanye kazi. Ondoka.

"Mama, n'na," akasema, akavuta hewa, "n'na kiu."

Nikamtoa nje. Jua lilikuwa limeshazama na adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha sasa hivi. Yeyote aliyefunga anajua saa hiyo njia inakuwaje. Hakuna gari, hakuna bodaboda, hakuna hata mtu wa kumwita kwa jina. Wanaume wote wako msikitini, wamefungua kwa tende na wameingia kwenye sala. Nilimpigia dereva wa teksi ninayemjua. Simu ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Nikapiga tena. Vilevile.

Nikabonyeza kitufe. Tak.

Nikabonyeza tena. Tak. Taa iling'ara ukutani, nyeupe, haikufifia hata kidogo. Kiki haikuwa na msaada, meno yake yalikwishalika, ukiikanyaga inashuka tupu.

Nilijilazimisha kwenda kwa utaratibu, kwani hofu hukufanya urudie lile lile lisilofaa. Nikahakikisha gia iko nyutro. Nikatoa kifuniko cha ubavuni, nikaitafuta rilei, kile kiboksi chenye nyaya mbili nene kinachopitisha umeme kwenda kwenye mota, nikagusisha vichwa vyake viwili kwa ulimi wa bisibisi. Cheche ziliruka, mota haikuzunguka. Basi rilei nzima. Ni mota. Ilibaki njia moja ya haraka, kuigonga mota taratibu kwa spana wakati kitufe kimebonyezwa, pengine kaboni zitashtuka na kuachia. Hiyo yataka watu wawili, na tulikuwa wawili tu.

"Mwanangu, weka kidole hapa. Nikisema, bonyeza."

Akabonyeza. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga, nagonga, na juu ya kichwa changu nasikia pumzi yake, fupi, fupi, kama msumeno. Mota ikazunguka nusu, ikalia, ikakwama. Halafu nikasikia kitu kilichonitisha zaidi: ule mlio wa kifua ulianza kupungua, naye hakuwa amepata nafuu. Kifua kinachonyamaza hivyo ni kwamba hewa haipiti hata ya kutoa mlio.

"Hodi! Nakuletea majimbi ya nazi, usije ukasema sikukumbuka."

Alikuwa jirani yangu, mama wa makamo, ameshika sahani iliyofunikwa kawa. Kwa kuchanganyikiwa nikamwambia, "Shikamoo."

"Marahaba ya nini sasa hivi? Huyu mtoto midomo imekuwaje?" Akaweka sahani chini, akageukia nyumbani kwake, akapaza sauti. "Nyie wawili!"

"Naam!"

"Njooni huku mbio! Wacheni hizo kaimati!"

Binti zake wawili wakubwa wakaja, mmoja bado anatafuna. Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. "Hata pikipiki ya mwalimu imefunga?"

"Ishaadhiniwa, basi ifuturu," mama yake akasema. "Shika nyuma. Usicheke, sukuma."

Akamchukua mwanangu akampakata. Mimi nikapanda, nikawasha ufunguo, nikashika klachi. Wakasukuma, nikaachia klachi. Gurudumu la nyuma likakwama na kuburuza mchanga, nusura niwaangushe.

"Mwalimu, unatuua!"

Nilikuwa nimetia gia ya kwanza. Ukisukumwa tia ya pili. Ya kwanza ni nzito mno, gurudumu linaburuzika badala ya kuzungusha injini. Nilikuwa nikilijua hilo vizuri, ila hofu ilikuwa imenitoa akili mkononi. Nikatia ya pili.

"Tena!"

"Mama, sijanywa hata maji!"

"Utakunywa huyu akipata pumzi. Sukuma!"

Safari hii waliinama kweli, leso zimewadondoka mabegani, na tulipofika pale njia inapoteremka kidogo nikaachia klachi kwa ghafla. Injini ikakohoa, ikashika. Nikavuta klachi upesi na kuongeza mafuta, ikanguruma, na mimi nikapiga kelele, sijui nilisema nini.

Jirani yangu akanifikia mbio na mtoto, akapanda nyuma bila kuulizwa, mwanangu katikati yetu. Ningefunga breki kwa nguvu ingezima. Ningepunguza mafuta kwenye tuta ingezima. Kila njia panda nilipita nimeshika klachi na mkono wa kulia unazungusha mafuta, kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. Kidevu cha binti yangu kilikuwa kinagonga mgongo wangu, na kila kilipoacha kugonga nilipaza sauti.

"Yupo?"

"Yupo. Tazama njia."

"Anavuta hewa?"

"Anavuta. We tazama njia, mwanangu, usitugongeshe mnazi."

Sikumbuki mashamba, sikumbuki taa za mjini. Nakumbuka mshale wa mafuta, sauti ya injini, na neno hilo moja, yupo.

Hospitali nilisimama mlangoni kabisa, nikatia nyutro, nikaiacha inanguruma, nikamchukua mtoto nikaingia naye. Muuguzi alimtazama mara moja, hakuuliza jina. Akamvalisha barakoa, mvuke ukaanza kupanda. Nikamshika mguu, kwa kuwa sehemu nyengine zote zilikuwa zimeshikwa na watu.

Mlinzi akaja mpaka mlangoni. "Pikipiki ya nani hiyo nje?"

"Yangu."

"Izime, hapa pana wagonjwa."

"Nikiizima haiwaki tena."

"Sasa unataka iwake uende wapi? Ushafika."

Nilikuwa nawaza kwamba watasema hapa haiwezekani, mpeleke kwengine, nami nitakuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu.

"Mwachie kidogo, kaka," jirani yangu akamwambia. "Huyu hana akili zake sasa hivi."

Mlinzi akasimama pale pale. Ule mlio kama filimbi ukarudi kifuani, na muuguzi akaniambia hiyo ni dalili njema, hewa imeanza kupita. Baadaye mbavu zikatulia. Mwanangu akaisogeza barakoa, akasema kwa pumzi moja, "Mama, hii inanuka plastiki," na muuguzi akamrudishia.

Nikatoka nje. Injini ilikuwa imepata moto mpaka joto lake lilinifika magotini. Nikashika ufunguo. Nilisimama nao hivyo, nikisikiliza kule ndani, nikangoja nimsikie akikohoa. Akakohoa. Nikazima.